Uliza Fundi: Laptopu mpya, barua za zamani

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja: mtu kanunua au kaletewa kompyuta mpya, na programu ya intaneti aliyoizoea imegoma. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu mwenyewe ana kitu ambacho kikipotea hakipatikani tena dukani wala popote.

SWALI: Asalaam aleikum, mwanangu Fundi. Mimi ni mzee wa miaka 71, nyumba yangu iko Mkomani, Lamu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikipangisha wageni vyumba viwili vya juu. Mwaka 2001 mgeni mmoja Mfaransa alinitilia programu ya barua pepe iitwayo Eudora, na tangu siku hiyo sijatumia nyingine. Humo mna barua za wageni, na mna barua za kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat. Alikuwa akiniandikia kila baada ya wiki mbili, hadi alipofariki mwaka 2013. Anwani yangu ya kwanza ilikuwa ya kampuni ya intaneti ambayo ilishafungwa. Tangu 2008 natumia Gmail, lakini naisomea humo humo ndani ya Eudora. Mwaka 2022 iliacha kupokea barua. Nikadhani ni uzee wa kompyuta. Sasa binti yangu ameniletea laptopu yenye Windows 11. Kijana mmoja wa mtaani ameitia Eudora, ikafunguka tupu, haina hata barua moja, na nikitaka kupokea inakataa pasiwadi ambayo nina hakika nayo. Anasema Eudora imekufa, niisahau. Nami nataka kukarabati nyumba ya marehemu mama yetu, na mwaka 2004 kaka alinitumia mchoro wa zidaka za ukuta wa ndani, jinsi alivyozikumbuka kabla hazijabomoka. Mchoro umo humo. Nifanyeje?
Mzee wa Mkomani, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, ami. Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yako na mama yako. Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba jambo moja: ile kompyuta ya zamani isiguswe na mtu. Isiuzwe, asipewe mjukuu kuchezea, wala asije mtu "kuisafisha". Barua zako hazikuhamia kwenye laptopu kwa sababu hazikai ndani ya programu aliyokutilia yule kijana. Zinakaa kwenye folda iliyobaki kule kwenye mashine ya zamani. Eudora mpya iliposhuka kwenye laptopu ilijitengenezea folda yake, tupu, na hiyo ndiyo unayoiona.

Naanza na hilo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Mwaka 2009 mama mmoja wa Faza aliniletea kompyuta yake kwa mashua hadi dukani kwangu Langoni, hapa Lamu, imefungwa leso mbili isiingie maji. Ilikuwa na virusi, akataka niipige Windows upya. Nilinakili picha, nikanakili hati, nikanakili kila nilichokiona, kisha nikafuta diski. Sikujua wakati ule kwamba Outlook Express, programu ya barua pepe aliyokuwa akiitumia, huweka barua katika folda iliyofichwa, ndani sana, chini ya jina la mtumiaji. Barua za mwanawe aliyekuwa ng'ambo, za miaka minne, zikaenda. Aliporudi kuichukua aliniuliza, "Na barua?" Sikuwa na la kumjibu. Tangu hapo sifuti diski ya mtu kabla sijaketi naye, nikamwuliza kimoja kimoja anachotumia na anachokipenda.

Sasa tuje kwenye maradhi yenyewe. Ni mawili, na kijana ameyatia kapu moja. La kwanza ni kwamba barua hazionekani, hilo nimeshalieleza. La pili ni kwamba barua mpya haziingii. Wengi hukimbilia kusema Windows mpya haiitaki programu ya zamani, lakini ushahidi umeuandika wewe mwenyewe, ami: iliacha kupokea mwaka 2022, ukiwa bado na kompyuta ile ile na Windows ile ile. Kwa hiyo kilichobadilika hakikuwa nyumbani kwako. Kilibadilika kule barua zinakotoka.

Tarehe 30 Mei 2022 Google waliacha kukubali programu zinazoingia kwenye akaunti ya mtu binafsi kwa jina na pasiwadi pekee. Pasiwadi yako ni sahihi, inakataliwa namna ya kuitoa. Juu ya hilo kuna suala la kufuli. Barua pepe siku hizi husafiri kwa siri chini ya utaratibu uitwao TLS, na seva nyingi, yaani kompyuta zinazogawa barua, sasa zinadai TLS 1.2 au ya baada yake. TLS 1.2 ilitolewa mwaka 2008. Eudora ya mwisho ya Windows kutoka kwa Qualcomm, kampuni iliyokuwa ikiitengeneza, toleo 7.1.0.9, ilitolewa mwaka 2006. Huwezi kuidai programu ijue kufungua kufuli lililotengenezwa miaka miwili baada yake.

Windows 11 yenyewe haina ugomvi na Eudora. Ni kweli inatolewa kwa biti 64 tu, lakini inaendesha programu za biti 32 bila neno, na Eudora yako ni ya biti 32. Zinazokataa kabisa ni zile za biti 16, za zama za Windows 3.1. Kwa hiyo neno "imekufa" mimi silikubali. Steve Dorner aliianza kazi ile mwaka 1988 akiwa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Qualcomm wakaichukua, na walipoiacha haikupotea, kwani mwaka 2018 msimbo wake ulitolewa kwa umma kupitia Computer History Museum ya California. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu namna ile huendelea kufunguka miaka mingi baada ya wenyewe kuiacha.

Hivi ndivyo nitakavyo ufanye. Washa kompyuta ya zamani, lakini usiifungue Eudora. Tafuta faili iitwayo In.mbx. Folda utakayoikuta ndani yake ndiyo nyumba ya barua zako. Kwenye kompyuta za umri wa yako mara nyingi huwa ndani ya Program Files, chini ya Qualcomm, kisha Eudora. Nyingine huwa kwenye folda iliyofichwa ya Application Data. Ukiipata, usichague ya kuchukua na ya kuacha. Nakili folda nzima, na ya programu pia kama iko kando, kwenye flashi mpya. Kisha nakili tena kwenye flashi ya pili, umpe binti yako akakae nayo huko aliko, isibaki Lamu. Mimi hufungua mashine za hapa nikakuta tundu za USB zimeota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi. Nakala mbili ndani ya nyumba moja ya baharini nazihesabu kuwa ni moja. Na ikiwa kompyuta haiwaki tena, usikate tamaa. Diski huchomolewa, ikachomekwa kwenye laptopu kwa adapta ya USB, na barua zikasomwa bila Windows ya zamani kuamka.

Kwenye laptopu, usiirudishe folda ndani ya Program Files. Tangu Windows Vista, mahali pale panalindwa. Programu ya zamani ikijaribu kuandika pale, Windows huipokonya ile faili kimyakimya na kuiweka kwenye folda nyingine iitwayo VirtualStore, na baada ya mwezi unakuta barua nusu ziko huku, nusu ziko kule. Tengeneza folda ya moja kwa moja kwenye C, uiite Eudora, uweke kila kitu humo, na kijana aelekeze njia ya mkato ya programu kwenye folda hiyo badala ya ile tupu. Kwa kawaida hufunguka hapo hapo na barua zote zikajipanga kama ulivyoziacha. Ikigoma, bonyeza alama yake kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, kisha Compatibility, uchague Windows XP. Ikifunguka lakini ikakwama kila unapofungua barua yenye rangi na picha, ingia kwenye mipangilio ya kusoma barua uondoe alama kwenye kisanduku kinachosema itumie kionyeshi cha Microsoft. Barua zitaonekana kavu kidogo, maandishi yatasomeka.

Mchoro wa zidaka sasa. Nimelala nikiufikiria, kwa sababu najua ukuta wa ndani wa nyumba ya Lamu ulivyo. Zile safu za vishubaka vya chokaa hazifanani nyumba hata mbili, na mafundi wanaozikumbuka zilivyokuwa wanapungua. Fungua nakala ya In.mbx kwa Notepadi. Nasema nakala, si asili. Usiogope wingi wa maandishi. Kila barua inaanza na mstari wenye neno From na alama za kuuliza, tatu, kisha kitambulisho cha @, kisha tatu nyingine. Hapo ndipo barua moja inapokwisha na nyingine kuanza. Tafuta jina la kaka yako, shuka mpaka 2004. Chini ya maneno yake utaona mstari unaosema Attachment Converted, na mbele yake njia ndefu inayoishia kwenye jina la faili, labda zidaka.jpg, au jina lolote alilolipa mwenyewe.

Maana yake ni hii: mchoro haumo ndani ya barua. Eudora ilikuwa na tabia ya kukitoa kila kilichoambatishwa, kukiweka kwenye folda iitwayo attach, na kuacha ndani ya barua mstari huo mmoja unaosema kimepelekwa wapi. Ndiyo maana nimekukataza kuchagua cha kunakili. Mtu asiyejua angechukua In.mbx akakuletea maneno ya kaka yako yote, na mchoro akauacha nyuma. Na ndiyo maana usifute barua yoyote ya kaka kisha ukamwaga pipa la taka la Eudora, kwani upo mpangilio unaofuta na kilichoambatishwa pia. Ukishalijua jina la faili, nenda moja kwa moja kwenye folda ya attach uifungue, hata bila Eudora. Ichapishe kwenye karatasi siku hiyo hiyo. Fundi wa chokaa hafanyi kazi na laptopu mkononi.

Imebaki barua mpya. Hapa nakupa rai yangu, na ukitaka kuikataa ni haki yako. Ipo njia ya kuifanya Eudora ipokee tena. Kuna programu ndogo ya bure, stunnel, inayokaa katikati: inazungumza lugha mpya ya kufuli na seva, kisha inaipa Eudora barua kwa lugha yake ya zamani. Google nao hutoa pasiwadi maalumu ya herufi 16 kwa programu za namna hii, ukishawasha uthibitisho wa hatua mbili. Nimemfungia mteja mmoja wa Shela mtambo huo na inafanya kazi. Lakini kila kinapobadilika kitu anapanda boti kuja kwangu, na wewe una umri wa baba yangu. Tena Eudora haijui Unicode, utaratibu wa kisasa wa kuandika herufi za lugha zote. Mgeni akikuandikia leo jina lake la Kifaransa lenye vialama, au jamaa zako wa Muscat wakikusalimu kwa herufi za Kiarabu, utasoma vikorokoro.

Kwa hiyo ningeiacha Eudora iwe sanduku la barua zilizokwisha kuja, na barua zinazokuja nizipokelee Thunderbird. Ni programu ya barua pepe ya bure, ipo tangu 2004 na bado inatunzwa, inafungua ukurasa wa Google wenyewe uingie bila kuhangaika na pasiwadi, na ina mpangilio wa vidirisha unaofanana na uliouzoea. Ukitaka barua za kaka nazo zionekane humo, kuna kiongezi kiitwacho ImportExportTools NG kinachosoma mafaili ya mbx, kwa kuwa ndani yake ni maandishi matupu. Jiandae kwa mambo mawili: zote zitaonekana kama hazijasomwa, maana alama za kusomwa Eudora huziweka kwenye faili nyingine, ile ya toc, na picha hazitarudi ndani ya barua, utaona ule mstari tu. Folda ya attach ibaki palepale maisha yote.

Barua za 2004, ami, usizitafute Gmail. Zilikuja kwa anwani ya kampuni iliyofungwa, na Eudora ilikuwa ikizichukua kwenye seva na kuzileta nyumbani. Nakala iliyoko duniani ni ile iliyo kwenye kompyuta yako. Ukiona mkono unatetemeka kufanya haya, mpakie hamali kompyuta aniletee, nitainakili bila malipo, wewe ukiwa umeketi hapa unaniangalia.

SWALI: Hujambo Fundi. Natunza nyumba nne za kukodisha wageni Malindi, upande wa Casuarina. Kamera za ulinzi tulifungiwa zamani, na picha zake tunazitazama kwa kuandika namba kwenye kivinjari. Tangu tubadilishe kompyuta ya ofisini ukurasa unafunguka mweupe, au unaniambia nitumie Internet Explorer, na Internet Explorer siioni. Aliyetufungia anataka tununue mtambo mpya mzima.
Msimamizi, Malindi

JIBU: Sijambo, dada. Usinunue bado. Internet Explorer 11 ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, na Windows 11 haina kivinjari hicho cha kufungua. Lakini injini yake imebaki ndani ya Edge, kivinjari kinachokuja na Windows 11, na Microsoft wamesema itaendelea kuwapo hadi angalau mwaka 2029. Fungua mipangilio ya Edge, ingia sehemu ya kivinjari cha msingi, uruhusu kurasa zipakiwe upya kwa hali ya Internet Explorer. Kisha ongeza namba ya mtambo wako kwenye orodha iliyo chini yake, uanze na http, kama inavyoandikwa. Funga Edge, fungua tena. Itakuomba ruhusa ya kutia kijiprogramu cha kuonyeshea video. Kikubali kwa ukurasa huo tu.

Jambo ambalo mafundi husahau kuwaambia wateja: ukurasa ulioandika kwenye orodha hiyo hudumu siku 30, kisha unatoka. Mwezi ukiisha utadhani kumeharibika tena. Uongeze upya, basi.

La pili, ni zito zaidi. Ikiwa aliyewafungia aliufungua mtambo huo uonekane kutoka nje kupitia intaneti, mwambie aufunge leo. Mtambo usioweza kutumia kivinjari cha kisasa haujapata marekebisho ya usalama kwa miaka, na kamera zako zinaangalia milango ya watu waliolala. Utazamwe kutoka ofisini tu. Pesa za mtambo mpya zikipatikana, nunua. Nami nakubaliana na fundi wako hapo, isipokuwa haraka yake.

SWALI: Fundi, salaam. Nasomesha darasa la tano Malindi. Mwaka 2007 mimi na mwenzangu tulitengeneza masomo ya sayansi ya kubonyeza na kusogeza, tukayaweka kwenye CD. Ni ya Flash, ile programu ya zamani ya kuchezeshea picha zinazosogea. Kwenye kompyuta mpya za shule hayafunguki, na mtandaoni nimeona kurasa nyingi zinazotoa Flash ya Windows 11. Nichukue ipi?
Mwalimu, Malindi

JIBU: Usichukue hata moja, mwalimu. Adobe, kampuni yenye Flash, waliiacha tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 kicheza chao chenyewe kilizuia masomo yasifunguke. Anayekupa "Flash ya Windows 11" leo anakupa kitu kingine, na kompyuta hizo zina alama za watoto.

Tafuta Ruffle. Ni programu ya bure iliyoandikwa upya kabisa ili kucheza mafaili ya swf bila Flash. Ipo ya kufungua faili moja kwa moja kwenye kompyuta, na intaneti haihitajiki darasani. Nakili CD yote kwanza, kisha jaribu somo moja moja, kwani Ruffle haijamaliza kujifunza kila kitu. Masomo yaliyoandikwa kwa ActionScript, lugha ya kuandikia programu za Flash, ya zamani hufunguka vizuri zaidi kuliko ya ActionScript 3, na kwa mwaka 2007 yenu huenda yakawa ya aina zote mbili. Kama mwenzako bado ana mafaili ya fla mliyotengenezea, mwambie asiyafute. Ni kwa hayo ndipo somo litakalokataa linaweza kujengwa upya. Na CD yenyewe usiiandike juu kwa kalamu ya wino mkali. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, unitumie kwa basi la Mokowe pamoja na orodha ya masomo yaliyokataa.